Miguu ya Mfalme Haiguswi

Kahawa ilikuwa haijapoa Nywele alipoingia mkahawani na habari. Ni mtengeneza mawigi, na habari za ikulu humfikia yeye kabla hazijamfikia Mungu.

"Mzee kaondoka, jamani! Mfalme sasa ni kitukuu chake. Ana miaka mitano."

"Mitano?" akaruka Nguzo, mbeba maji mwenye miguu minene kuliko wote mtaa wa Saint-Jacques. "Si bado anafutwa makamasi?"

"Anafutwa na waheshimiwa watatu, wewe unajifuta na mkono."

Patasi hakucheka. Alikuwa mchongaji wa picha za kuchapa, na mwenye duka la picha keshamwagiza: mfalme mpya awe dirishani Jumamosi. Atumie sahani ileile ya shaba iliyochapia picha ya mfalme mzee, afute kichwa na mwili, achonge upya. Kufuta kichwa ni kawaida ya kazi. Lakini mwili ule ulichongwa na kaka yake Firmin, kabla kifua hakijamuua. Hakuacha kingine.

"Ufute tu, ndugu yangu," Nywele akasema. "Mtoto na joho, upanga, fimbo ya enzi, na simba miguuni? Si atamla!"

"Simba yule ni paka wa hapa. Firmin alimchorea pale, karibu na jiko."

Wote wakamgeukia paka.

"Na miguu?" Nguzo akauliza.

"Yako. Umesahau alivyokupandisha mezani, anakufokea: mguu wa kulia mbele, picha ikichapwa hugeuka?"

"Alaa! Nikadhani ananitania!" Nguzo akapandisha suruali. "Kumbe nchi nzima inainamia miguu hii, na mke wangu anainyima shuka? Haifutwi!"

"Watu watacheka, wewe tembo," Nywele akamjibu.

"Nani? Ukicheka miguu ya mfalme unalala ndani!"

Nywele akakuna kipara. "Hapo kasema. Patasi, weka kichwa tu. Mpe wigi kubwa lifunike mabega."

Jumamosi picha ikatundikwa. Mwenye duka alifungua mdomo, akawatazama watu waliojaa, akaufunga.

"Mungu amlinde," akasema mama mmoja. "Amekua haraka!"

Nguzo akajisogeza kando ya dirisha, kidevu juu, mguu wa kulia mbele, akingoja atambuliwe. Hakuna aliyemtazama.

"Mguu mwingine, mjinga wewe!" Patasi akafoka kutoka nyuma, sauti ya Firmin tupu. "Picha ikichapwa hugeuka!"