Mihuri Mitano kwa Sista wa Ndola

Jumatatu, 7 Machi 1994

Nimechoka kungoja kiwanda cha Panda kinirudishie ukarani wangu. Mwenye kalamu halali njaa! Leo nimeweka meza soko la Kikula: EVARISTE, BARUA ZA KIINGEREZA. Mji mzima unataka kwenda Zambia. Mteja wa kwanza: mama Clémentine, mshonaji, mjane, watoto wanne. Sista mmoja wa Ndola, huko Zambia, anatafuta fundi wa kushona. Mama amesema wazi kwamba kazi hiyo ikimpita, hajui watoto watakula nini. Nimemwambia aanze kufunga mizigo.

Jumanne, 8 Machi

Asani, muuza chumvi wa meza ya pili, amechungulia barua yangu bila kuombwa. Kisa alikaa Kitwe, Zambia, miaka sita! Eti mtu akiwa mmoja, kitenzi huongezewa s. Wakiwa wengi, hakiongezewi. Upuuzi. Wengi ndio wa kuongezewa! Nimewaongezea. Eti tena apostrofi, kile kialama cha juu, huonyesha kitu ni cha nani, na mimi nimezimwaga ovyo. Si ovyo. Barua kavu haifiki mbali. Kaomba aiandike upya, mistari minne tu. Nimemjibu auze chumvi yake.

Alhamisi, 10 Machi

Nimegundua kasoro: barua haina muhuri! Nani ataamini karatasi isiyo na muhuri? Nimechonga mmoja kwenye kisigino cha kandambili: simba, nyundo, nyota. Nimegonga mara tano. Barua imependeza hadi nikasimama wima mbele yake. Asani amecheka mpaka akashika meza. Wivu tu. Alexis, dereva wa lori, ameondoka nayo mchana.

Jumatano, 16 Machi

Alexis amerudi. Sista alishtuka kuona mihuri mitano. Alidhani serikali yetu inadai vyerehani vyake! Eti maneno yangu hayakumwonyesha nani anashona wala cherehani ni cha nani. Alikuwa tayari anamwita padri, ndipo Alexis akatoa karatasi nyingine: mistari minne, mwandiko wa Asani, bila muhuri hata mmoja. Mama Clémentine alimwendea Asani kwa siri! Sista akasoma, akacheka, akasema fundi aje Jumatatu.

Imeniuma. Sifichi.

Jioni mama Clémentine ameniletea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, analia kwa furaha. "Papa Evariste, aksanti sana. Lakini kwa ba masista usiandike tena. Nakuomba."

Jumamosi, 19 Machi

Nimetafakari. Bila barua yangu kumshtua Sista, angeisoma kwa makini hiyo ya Asani? Mlango niliubisha mimi! Mama Clémentine ana haya tu, hataki kunisumbua. Na kutomshukuru Sista ni utovu wa adabu. Nimemaliza barua ya shukrani alfajiri: kurasa nne, mihuri tisa. Nimeitia ndani ya mzigo wa mama Clémentine bila kumwambia. Lori limeondoka naye saa mbili. Atafurahi akifika.