Uji wa Mama Dorkas Unaharibu Mashauri

Kinampanda, Iramba
18 Agosti 1952

Kwa Bwana Shauri, Mkuu wa Wilaya,
Singida.

Bwana Mkubwa Mheshimiwa,

KUHUSU: UJI UNAOUZWA NJE YA BARAZA

Kwa heshima kubwa, mimi Gasto, mwandishi wa mashtaka, maombi na majibu ya kila aina, ninakuandikia nikiwa na uchungu moyoni na wino wa kutosha. Unanifahamu. Mwaka jana ulinionya nisijiite wakili, ukasema sheria ya mabaraza ya wenyeji hairuhusu mawakili. Nilitii. Tangu siku hiyo sijakanyaga ndani ya baraza. Nakaa kwenye kibanda changu cha mabua, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, na watu wananiita wakili kwa hiari yao. Elimu hii niliipata Dodoma, ambako nilimbebea vitabu wakili mmoja wa Kihindi kwa miaka kumi na mmoja. Kitabu ukikibeba miaka kumi na mmoja, Bwana, kinaingia.

Kilio changu ni juu ya mwanamke aitwaye Dorkas, mjane, muuza uji wa uwele mbele ya baraza. Naomba aondolewe kabla ya Alhamisi tarehe 21, kwa sababu siku hiyo litasikilizwa shauri langu mwenyewe, mimi na mdogo wangu Simeoni, kuhusu shamba la marehemu baba yetu. Nimeliandaa miaka tisa. Sitaki liharibiwe na uji. Makosa ya huyu mama ni haya yafuatayo.

1. Watu wenye mashauri wanatoka mbali, wengine wanatembea tangu alfajiri, wanafika na njaa. Wanamkuta huyu mama na chungu chake. Ana kata moja tu ya kunywea. Nimechunguza: moja. Mdai na mdaiwa wakitaka uji, anawakalisha kwenye gogo moja, kisha anakataa kumimina. Anamwambia mdai, "Nieleze huyu mwenzako anakulalamikia nini." Si malalamiko yake yeye mdai, Bwana. Ya adui yake! Akieleza vibaya, adui anasema "siyo," naye anaanza upya, mpaka adui akubali na kusema "ndivyo." Kisha zamu inageuka. Hapo ndipo mama anamimina, na wale wawili wanakunywa kwa kupokezana kama watoto wa nyumba moja. Mtu asiyejua hata kushika kalamu ndiye anayewafundisha watu kusema!

2. Mwezi wa sita nilimwandikia Damiani utetezi wa kurasa tisa. Mbuzi wake waliingia shamba la viazi la Mughwai mara tatu. Nilithibitisha kwamba mbuzi wale hawakuwepo; kwamba kama walikuwepo, hawakula; na kwamba kama walikula, viazi vyenyewe vilikuwa vibovu. Kazi safi. Asubuhi ya shauri Damiani akaenda kunywa uji, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Unasema mbuzi wangu walikula viazi vyako, na ulipokuja kuniambia, mimi nikacheka." Mughwai akaruka juu: "Ee! Hapo pa kucheka ndipo penyewe!" Kumbe mwaka mzima yule mtu alikuwa amechukizwa na kicheko. Damiani akamwomba radhi, wakaondoka pamoja kwenda kukata miiba ya kuzungushia shamba. Katika kurasa zangu tisa hakuna kicheko hata kimoja, na sioni aibu, kwa maana sheria haijui kucheka.

3. Shauri la Anastazia na shemeji yake sina haja ya kulieleza. Uji haukuwahi hata kupoa.

4. Anaharibu ufundi wetu. Yule wakili wa Dodoma alinifundisha, kwa kumtazama tu, kwamba adui yako akianza kusema, wewe unafunua karatasi. Akiendelea, unakohoa. Akilia, unaomba tarehe nyingine. Na kamwe usimwulize mtu swali ambalo hujui jibu lake, maana anaweza kukujibu. Mimi nimeiongezea elimu hiyo utaratibu wangu: barua isiyo na tarehe wala kichwa cha habari siijibu, hata ikitoka kwa ndugu wa tumbo moja. Naisahihisha kwa wino mwekundu, nairudisha ilikotoka. Watu wa huku wameanza kujua kuandika kwa sababu yangu, na hakuna aliyenishukuru. Badala yake huyu mama, alipoulizwa habari zangu, alisema, "Yule masikio yake ni ya kuwekea kalamu tu." Watu walicheka sana. Mashahidi ninao.

5. Hili lingekuwa la kwanza, lakini kalamu ililikwepa. Mdogo wangu Simeoni alimzika baba bila mimi. Nilikuwa bado Dodoma. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kauka, na hakuna aliyekuwa amenisubiri, mimi mtoto wa kwanza. Nikamshtaki kwa shamba, kwa kuwa mazishi hayashtakiwi. Tangu hapo nimeandika kurasa mia moja na kumi na nne. Yeye hajajibu hata mstari. Kila anapopita kibandani kwangu anasimama, anavua kofia, anasema, "Shikamoo, kaka." Miaka tisa! Nami sijaitikia hata siku moja, kwa sababu kusema marahaba mbele ya watu ni kukiri undugu kabla shauri halijasikilizwa. Sasa huyu mama ametangaza hadharani kwamba Alhamisi anatuwekea uji wetu. Bwana, mimi siwezi kueleza malalamiko ya Simeoni. Simeoni hana malalamiko. Mwenye malalamiko ni mimi.

6. Mheshimiwa, tazama mbele. Watu wakizoea kumaliza ugomvi wao kwenye gogo, baraza litakosa mashauri. Baraza likikosa mashauri, hakimu atarudi kulima, na kulima hajui. Tarishi atakosa majina ya kuita, atabaki anaita kuku. Wewe mwenyewe utakaa na kofia yako mezani, huna wa kumtoza faini wala wa kumfunga. Gavana ataleta barua kuuliza mbona Iramba hakuna ugomvi, na wakubwa wa Ulaya watasema, kama ni hivyo, sisi huku tunafanya nini? Watafunga virago. Serikali iliyowatoa Wajerumani kwa mizinga itakuwa imeondolewa na uji wa uwele, tena usio na sukari.

Kwa hiyo naomba utoe amri kwamba uji usiuzwe karibu na baraza, ila umbali wa hatua mia mbili. Naomba pia wadai na wadaiwa wapewe njia mbili za kuingilia, mmoja apite mashariki na mwingine magharibi, wasije wakasalimiana kwa bahati mbaya. Na kila mwenye shauri aweke dole gumba kwenye hati ya kuapa kwamba hajui mwenzake anataka nini. Hati hiyo nimekwisha iandika. Ina kurasa tano.

Nakusalimia wewe na mama wa nyumbani kwako, karani wako, mpishi, askari anayelinda mlango, pamoja na yule mbwa wako aliyeniuma mwaka jana, ambaye shauri lake bado ninaliandaa.

Ndimi mtumishi wako mtii, asiyejiita wakili,

Gasto

NYONGEZA

Bwana, barua hii bado ninayo. Lori la posta limeharibika huko Mkiwa, na Alhamisi imekwisha pita.

Sikuwa na njaa. Naomba hilo lieleweke. Hakimu alichelewa, jua likawa kali, na Simeoni alikuwa amekaa peke yake kwenye gogo. Mama Dorkas akaniita, "Bwana Makaratasi, njoo ukae." Nikakaa ili nimwonyeshe kwamba mchezo wake kwangu haufui dafu. Nikasema, "Simeoni analalamika kwamba shamba ni lake." Simeoni akasema, "Siyo." Nikasema, "Analalamika kwamba nimemsumbua kwa mashtaka." Akasema, "Siyo." Nikafungua mkoba, nikafunua kurasa zote mia moja na kumi na nne, nikatafuta. Maneno yangu yalikuwamo yote. La kwake halikuwamo hata moja. Basi nikamwuliza swali ambalo sikujua jibu lake, naye akanijibu.

Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ni barua aliyonipelekea Dodoma mwaka ule wa msiba kwa mkono wa dereva wa lori. Imeandikwa, "Kaka, baba anakuita. Njoo upesi." Juu yake kuna mwandiko wangu, kwa wino mwekundu: Haina tarehe. Haina kichwa cha habari. Andika upya.

Nilikuwa nimeisahau, Bwana. Naapa mbele ya Mungu, nilikuwa nimeisahau. Simeoni akasema kwamba baba aliishi siku nne baada ya barua hiyo kurudi, na kila liliposikika gari barabarani aliuliza, "Ni Gasto?" Naye Simeoni akamjibu, "Yuko njiani, baba." Alimjibu hivyo siku zote nne.

Mama Dorkas alikuwa bado ameshika chungu, hamimini. Nikasema, "Unasema uliniita, mimi nikasahihisha barua, na wewe ukalazimika kumdanganya baba mpaka alipokata roho."

Simeoni akasema, "Ndivyo."

Tarishi alitoka akaita majina yetu mara tatu. Hatukuitika, kwa kuwa tulikuwa na kata mikononi na mimi nilikuwa ninalia, mtu mzima, mbele ya wateja wangu. Tulipokwisha kunywa, mdogo wangu alisimama, akavua kofia, akaniamkia kama kawaida yake. Nikamwitikia.

Kwa hiyo malalamiko yote sita naomba uyafute, na yule mama aachwe hapo alipo. Ila kata yake ni ndogo kwa watu wawili, hilo nalishikilia. Sasa nakwenda na Simeoni kaburini kwa baba, maana na mimi nina jibu ambalo sikulipeleka.

Nyongeza hii haina tarehe, Bwana, wala kichwa cha habari. Naomba uipokee hivyo hivyo.