Mgongo kwa Upepo

Jumapili, 27 Juni 1976

Huna adabu, wifi Generosa. Mkubwa wako akisema mkutanoni, hucheki mpaka ukashika mbavu. Nayaandika hapa kwa sababu pale nje ya kanisa nilishikwa na kikohozi, sikumaliza kukusema.

Na nilichosema hakichekeshi. Ikola, kule ziwani, siku ya Saba Saba kuna mashindano ya wanawake ya mitumbwi ya tanga. Zawadi cherehani. Nikasema kikundi chetu cha Mwamkulu kinakwenda, na nahodha ni mimi. Generosa akauliza ziwa nimeliona lini. Sijaliona. Lakini miaka arobaini napepeta mpunga, upepo naujua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Yeye kwa kuwa kazaliwa Ikola kabla mdogo wangu hajamwoa, anadhani upepo wote ni wa kwao.

Nikamaliza hivi: tukiwa wa mwisho, uongozi wa kikundi nampa Generosa. Wakapiga makofi. Sikupenda walivyoyapiga kwa nguvu.

Jumanne, 29 Juni

Timu ni wanne. Mimi. Generosa, kwa sababu ndugu zake ndio watakaotuazima mtumbwi. Theopista mjukuu wangu, ana mikono ya kazi. Na Josefina, maana mtumbwi unataka kitu kizito cha kuukalisha. Nimemwambia hivyo, amenuna. Siku hizi hata sifa watu wananunia.

Tanga ni turubai letu la kuanikia mpunga. Generosa kasema ni pana mno. Nikamwambia afunge mdomo ashone.

Nimewafundisha sheria moja tu, ile ya kupepeta: mgongo kwa upepo. Ukiugeukia unakula pumba. Generosa akasema kwenda si kazi, kazi ni kurudi. Maneno ya mvivu hayo.

Alhamisi, 1 Julai

Mazoezi. Maji hakuna, kiangazi hiki hata mto umebaki tope. Tumepanda mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yangu Leodgar, bila ng'ombe, pale juu ya mteremko. Nimeuazima bila kumsumbua kumuuliza. Mlingoti katikati, turubai juu. Nikapiga mluzi kuuita upepo, kama tunavyouita tukiwa na ungo mkononi. Ukaja.

Tukaenda. Mama yangu, tulikwenda! Kuku wanatupisha, Theopista anacheka machozi yanamtoka, Josefina anawataja watakatifu mmoja mmoja. Tukasimama katikati ya matuta ya viazi ya Leodgar.

Kauliza kwa nini hatukukata kona. Nikamwambia viazi vyake ndivyo vilivyopandwa njiani. Furaha niliyonayo, hata njaa sikuisikia.

Jumatatu, 5 Julai

Tumefika Ikola. Lori siku nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Nimeliona ziwa. Limepita kiasi. Sijui nani alikuwa na shida ya maji yote yale. Mbele ya Generosa nimesema nilitegemea kubwa zaidi.

Mashindano ni kwenda mpaka kwenye pipa jekundu linaloelea, kulizunguka, kurudi. Generosa kaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaonikera, kwamba asubuhi upepo unatoka nchi kavu, mchana ndipo unarudi kutoka ziwani. Kwa hiyo asubuhi ukitaka kurudi, unalaza tanga upande na mtu anashika kafi nyuma. Nikamuuliza, wifi, unanifundisha upepo mimi?

Jumatano, 7 Julai

Mitumbwi sita. Mwalimu Osward, aliyenifundisha kuandika kwenye darasa la watu wazima na tuliyekuja naye kwenye lori, ndiye aliyepuliza filimbi. Mgongo kwa upepo. Turubai likavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Tukawapita wote. Wanawake wa Ikola wametoa macho. Niliimba. Hata Generosa aliimba, nilimsikia.

Tukalipita pipa.

Tukazidi kulipita. Wenzetu wakageuka, sisi mbele tu. Generosa akasema laza tanga, wifi. Nikasema tutakula pumba. Akasema tena. Nikamuuliza nahodha ni nani. Josefina akauliza kama huko ng'ambo, Zaire, ugali ni wa mahindi au wa muhogo.

Halafu upepo ukafa. Ikola imekuwa ndogo kama ukucha. Generosa akachukua kafi, nikamnyang'anya, nikalikalia. Nikaanza mluzi. Nilipiga mluzi mpaka midomo ikafa ganzi. Jua likafika utosini, na upepo ukaja, safari hii unatoka ziwani. Generosa akasema ndio ule wa mchana aliokuwa akiniambia. Ajabu. Mluzi alipiga nani?

Tulirudi kwa kasi kuliko tulivyokwenda. Kusimama hatukuwa tumejifunza. Tukapanda mchanga, mlingoti ukaanguka, turubai likaifunika meza, na wali, na mgeni rasmi. Cherehani ilikuwa imeshaondoka kichwani kwa mama mmoja wa Ikola. Lakini watu walitushangilia kuliko walivyowashangilia washindi. Mgeni rasmi naye alicheka, tulipomfunua.

Alhamisi, 8 Julai

Kikao ndani ya lori, tunarudi. Wanasema tulikuwa wa mwisho. Nikasema mtumbwi ulioingia wenzake wameshakula si wa mwisho, huo ni wa kwanza wa mchana. Wakataka kura. Wanawake kumi na wawili tulikuwemo. Mwalimu Osward kahesabu mikono kumi na miwili kwa Generosa. Wangu niliunyoosha kupinga, kauhesabu.

Generosa akanishika bega, akasema mwakani tutajifunza kugeuka, wifi. Maskini, hajaelewa kitu. Kosa ni la pipa, waliliweka karibu mno. Wangelisogeza, tungeshinda.

Basi kiongozi mpya asikie: kesho asubuhi awe mlangoni kwangu na sindano ya magunia na turubai la pili. Hili tunaliongeza upana.