Ua Wangu na Samaki wa Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Leo mimi ni mwenye bustani! Nimetandika nyasi za kununua ua mzima, palepale ninapoegesha lori. Ardhi ngumu kama sakafu. Mke wangu akauliza mizizi itapita wapi. Nikamjibu nyasi zina akili zake. Jirani wa upande wa chini, fundi cherehani, kachungulia ukutani, katikisa kichwa. Wivu!

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Halikuzama hata tone. Maji yameteleza, yamezoa nyasi zangu na tope lote, moja kwa moja hadi bwawa la samaki la fundi. Kaja na samaki mfu mkononi. Kasema mvua nyingine kama hii na bwawa limekwisha, na bwawa ndilo linalomsomesha binti yake. Nimekosa pa kuweka uso. Nimeyasingizia mawingu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, kafika. Hata chai hakunywa. Kachukua uma wa bustani, kaudidimiza ardhini, kautikisa, kauchomoa. Hatua moja mbele, tena. Mimi nilisimamia kivulini. Kasema hajaajiri msimamizi. Basi nikatoboa. Tukajaza mboji kwenye matundu, tukapanda nyasi upya. Kasema lori ndilo lililoishindilia ardhi, basi sasa linalala barabarani. Viganja vyangu, jamani!

Jumamosi, 29 Machi
Mvua kubwa kuliko ile. Nimepiga magoti uani. Maji yanagusa nyasi, yanatoweka! Nimetega sikio: ardhi inameza, inanong'ona. Miaka yote nimeikanyaga nikidhani imekufa. Nyungunyungu katoa kichwa, kanyooka, karudi kazini. Fundi akaniita upande wake. Maji machache yaliyochuruzika kwake yalikuwa meupe, samaki wanaonekana hadi mapezi. Tumesimama tunalowa. Nimelia. Namshukuru Mungu kwa mvua, machozi hayakuonekana.

Jumapili, 30 Machi
Ajabu kama hii si ya kufichwa. Nimealika mtaa mzima waje kuishuhudia Jumamosi, fundi nitamketisha mbele. Ila nyungunyungu wameacha vichuguu vidogo vya udongo kila mahali, vinaharibu sura. Nimeshapata dawa: jamaa wa ujenzi wa barabara wananiazima lile gurudumu lao la chuma la kushindilia ardhi. Kesho asubuhi linapita ua mzima. Patakuwa tambarare kama meza! Shemeji asiambiwe, nataka ashangae.