Nilivyowafundisha Watu wa Nguba Teatre

Siku ya kazi tatu, tarehe 3, mwezi wa tano

Leo naanza kuandika maisha yangu. Watu wakubwa wote wanaandika. Masomo niliacha mu primere, juu mwalimu alikuwa ananiogopa.

Habari kubwa: nimekataa ng'ombe! Elysée, ule kijana mwenye anataka kuoa binti yangu Ornella, alimuleta pamoja na wazee wake kutoka Luvungi mpaka hapa kwangu Nyalukemba. Ng'ombe munene. Lakini pembe ya kushoto imevunjika! Nikawaambia ng'ombe wa pembe moja iko nusu ng'ombe, na miye sina nusu binti. Wakamugeuza ng'ombe, wakaenda. Nani angejibu neno kama lile?

Huyu ni wa tatu: ng'ombe wa kwanza nilimurudisha juu ya mukia mufupi. Wa pili aliniangalia na mazarau.

Walileta pia kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sikukigusa ata na kidole. Kwetu, muzee akikunywa mu kibuyu cha wakwe mbele ya watu, amekubali, na hakuna kurudi nyuma. Nikakunywa maji. Maji!

Bibi yangu Séraphine, mama ya Ornella, anasema wazee wa Elysée wamechoka, wakirudi bule mara ingine watatafuta binti kwingine. Watafute! Ornella hakukula. Atakula kesho.

Siku ya kazi tano, tarehe 5

Ornella bado hakuli. Kichwa nguvu kama mama yake.

Lakini nimepata akili moja! Ku Nguba, mu sali, ule ukumbi mudogo wa nyuma ya kanisa, kuna teatre. Komedi juu ya muzee mwenye hakubali kitu. Nikajua palepale: ni jirani yangu Donatien! Muti wake wa avoka unaangusha majani mu lupango, kiwanja cha nyumba yangu, na hakubali kuukata. Miye, nami, sikubali kufagia. Sasa nani kichwa nguvu?

Mupango: nimualike, nimukalishe mbele, Bukavu yote imuone akijiona. Nilipomualika akauliza, "Papa Cyprien, unaumwa?" Nikamujibu ni upendo wa kikristu.

Siku ya Posho (Jumamosi), tarehe 6

Ushindi!

Sali ilijaa. Umeme ukakatika, watu wakawasha telefone, mambo ikaendelea. Ule muzee wa teatre amevaa kofia kama yangu, koti kama langu, anagonga fimbo chini kama miye. Anarudisha ng'ombe juu ya mukia. Ah, Donatien! Nikacheka mpaka benchi ikalia. Nikamupiga kiwiko: jione! Naye machozi inamutoka kwa kucheka, ananiangalia miye. Watu wa nyuma pia. Nikawapungia mukono. Walijua nani amemuleta.

Kisha muzee akasema: nusu ng'ombe, nusu binti. Lakini hiyo ni yangu! Donatien aliisikia ku lupango, akaipeleka kwa watu wa teatre. Mwizi!

Mwisho haukuchekesha. Binti wa ule muzee anatoka, nywele nyeupe, sahani ya bugali mu mukono, anauliza, "Papa, ng'ombe mwenye anakutosha amefika?" Ornella hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Kitu kiliniingia mu jicho. Vumbi. Ile sali hawafagii.

Siku ya kazi mbili, tarehe 9

Nimeenda kumuona Maman Marcelline, mukubwa wa teatre, mwenye anaimba korali pamoja na Séraphine. Nikamwambia kijana wake mwenye anacheza muzee hajui uzee: fimbo anaishika kama mwiko wa bugali. Na mwisho iko mubaya, muzee anashindwa! Akauliza ni nani angefanya vizuri. Nikakohoa.

Akanipa! Siku ya Posho ni miye! Na mwisho anaubadilisha: wakwe wanaleta kibuyu, muzee anakunywa, anakubali kwa ukubwa wa roho yake, watu wote wanasimama kumupigia makofi. Nikauliza kama watasimama kweli. Akaapa.

Nikamupasha Séraphine habari. Akavaa viatu, akatoka mbio. Furaha ilimuzidi.

Siku ya Posho, tarehe 13

Nilikuwa mukubwa! Mukubwa sana! Nilikohoa tu, watu wakacheka. Nilikaa, wakacheka. Fimbo ilianguka (kwa makusudi), wakalia kwa kucheka.

Wakwe wakaingia. Maman Marcelline alichagua wachezaji wenye wanafanana sana na wazee wa Elysée. Fundi, ule mama! Mu repetisio, tukijizoeza, tulikunywa maji. Leo kibuyu kilikuwa na kasiksi ya kweli, ya siku tatu, harufu yake mpaka mulangoni. Muchezaji mubaya angeonja tu. Miye nilikunywa mpaka nikaona chini.

Sali yote ikasimama! Séraphine akapiga kigelegele. Donatien akapanda ku benchi, akapiga kelele kama muuza samaki, "Amekunywa! Sisi wote mashahidi, amekunywa!" Elysée akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti. Ndipo nikawaangalia wale wakwe vizuri.

Nikasema ngojeni, hii iko teatre. Babu wa Elysée, ule mwenye alinipa kibuyu, akanijibu, "Papa Cyprien, koti ni ya teatre. Koo iko ya nani?"

Nilitaka kuwafukuza na fimbo. Lakini watu walikuwa bado wamesimama, wanapiga makofi, na Ornella alinirukia ku shingo, analia na kucheka pamoja. Mutu mwenye akili anaharibu makofi kama ile?

Nikainama. Wakaendelea. Nikainama tena.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Ng'ombe amefika. Ule ule. Amefungwa ku muti wa Donatien, anakula majani yenye nilikataa kufagia, maana yake nilikuwa na haki. Ukisimama upande wa kuume, pembe haina shida.

Ornella amekula sahani mbili. Ku kanisa kila mutu alinishika mukono, wanasema nimebadilika. Nimebadilika wapi? Miye ndiye niliyepanga yote, tangu siku ya kwanza. Donatien hajaelewa ata leo kwamba komedi ilikuwa yake.

Mangaribi, Tatiana, mudogo wa Ornella, akaniambia polepole kwamba kuna kijana wa Nguba, wazee wake wanataka kuleta ng'ombe wakati wa kiangazi. Nikamwambia walete. Lakini pembe mbili, mukia murefu, na asiniangalie vibaya. Na kibuyu chao nitakikimbia kama moto. Mara hii hawanipati!

Séraphine alisikia. Akavaa viatu, akatoka mbio. Amerudi sasa hivi, jasho ku uso, anasema Maman Marcelline anatafuta muzee kwa komedi mupya, na ni miye tu naweza.

Nimeuliza kitu kimoja: watu watasimama?

Watasimama. Nimekubali.