Jinsi Kitufe Chekundu Kilivyotekwa Kabla ya Gari la Saa Saba

Sogeeni, enyi wenye masikio! Aliyesimama na aketi, aliyeketi na anyamaze, na mwenye simu inayolia aizime, kwani naleta habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe, ndani ya stoo yetu ya hatua tatu kwa nne iliyogeuzwa studio, baina ya mtu mmoja na kitufe kimoja. Nami nilikuwapo, nimeketi juu ya kapu la nguo chafu. Shujaa ni mume wangu, kwa hiyo sitasema uongo isipokuwa panapolazimu.

Huyo ndiye Fundi Sauti, Simba wa Stoo, Mlinzi wa Magodoro Manne yaliyosimamishwa ukutani ili mwangwi ukose pa kutua. Ambaye kwa miaka tisa alirekodi kwaya, matangazo ya maduka na hotuba za wastaafu, na zote alizirekodi akiwa amefumba macho. Naam, amefumba! Akishabonyeza tu, hufunga kope na kutikisa kichwa polepole, na wateja hunong'onezana kwamba huyu anasikia mambo wao wasiyoyasikia. Lakini Jumatatu ile kompyuta yake kongwe ilikata roho, na programu aliyoizoea ikaenda nayo kaburini. Hata Alhamisi ikamkuta mbele ya kompyuta nyingine na programu nyingine, ngeni kabisa, yenye vitufe vingi kuliko vifungo vya makoti ya jeshi zima.

"Yupo mwenzako mtaa wa pili anaitumia hiyo," nikamwambia. "Mpigie umuulize."

Akavimba. "Mimi? Miaka tisa, mke wangu! Nimuulize mtu niliyemfundisha kushika maikrofoni?"

Kuuliza si ujinga, lakini nenda kamwambie simba.

Sasa pimeni uzito wa siku ile. Mdogo wake shujaa, aliyeolewa mbali sana, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto halali usiku wala mchana. Wiki tatu halali! Mama wa watu alikuwa akilia kwenye simu, na akaomba kitu kimoja tu: ule wimbo ambao Shangazi aliwabembeleza nao yeye na kaka yake, mama yao alipofariki wangali wadogo. Tulijaribu kuurekodi kwa simu, pikipiki ikapita katikati ya ubeti wa pili, na mtoto alipousikia mlio wake akashtuka, akalia maradufu. Ndipo Shangazi, Jemadari wa Cherehani, mshonaji wa sare za shule tatu, akaja mwenyewe kuimba stoo. Gari la kumrudisha lilikuwa linaondoka saa saba kamili.

Saa tano vita vikaanza. Shangazi akaketi kwenye kigoda. Shujaa akabonyeza, akafumba macho, akatikisa kichwa, naye Shangazi akaimba. Wimbo ulipokwisha shujaa akaurudisha tusikie, na tukasikia kimya, kimya kilichonyooka kana kwamba kimepigwa pasi. Akabadilisha waya. Shangazi akaimba tena, kimya. Akabadilisha maikrofoni, akaipangusa kwa shati lake, Shangazi akaimba mara ya tatu, na sauti ikaanza kukwaruza. Kimya kile kile.

Hapo Simba wa Stoo akasimama, akainyooshea kidole kompyuta, akanguruma: "Ewe programu usiye na haya! Nimekufungulia mlango, nimekupa umeme, nimekuwekea maikrofoni ya kukopa, nawe unameza sauti ya mama yangu na hutemi! Sema unataka nini!"

"Mwanangu," Shangazi akauliza, "unaongea na nani?"

Ilikuwa saa sita na nusu. Nikamhurumia mume wangu kwa moyo wangu wote.

"Mimi naona kale kamstari kanatembea hapo kwenye kioo," Shangazi akasema, "lakini hakaachi kitu nyuma yake. Tangu wimbo wa kwanza nakaona."

"Umeona, na hukusema?"

"Nimsemeshe vipi fundi aliyefumba macho? Nilidhani ndiyo kazi yenyewe." Akakohoa, akaendelea. "Sikiliza. Kwangu akija mwanafunzi mgeni, hukanyaga cherehani mpaka jasho limtoke. Sindano inapanda, inashuka, uzi unajikunja tu, mshono hakuna. Kumbe hakushusha mguu, kile kichuma cha kubania kitambaa. Mashine inakwenda, ila haijaambiwa ishike kitambaa. Hiyo yako, mguu wake uko wapi?"

Shujaa akainama. Mtaka cha mvunguni, mnajua wenyewe. Akatafuta pembeni mwa ule mstari, na hapo, kimefifia, hakizidi mbegu ya papai, kilijificha kitufe cha duara. Akakibonyeza. Kikawaka chekundu! Programu ya zamani ilirekodi kwa kubonyezwa mara moja. Hii ilitaka kwanza kibonyezwe hicho chekundu, ioneshwe sauti ikae wapi.

"Macho wazi," Shangazi akaamuru.

Akaimba mara ya nne, kwa sauti iliyochoka na kushuka, na nyuma ya kamstari vikaota vilima vidogo vidogo, kimoja kwa kila neno. Mume wangu akavitazama, machozi yakamtoka. Yalinitoka na mimi. Ubeti wa mwisho ulipoisha Shangazi hakuvuta hata pumzi: "Haya, nipe pochi yangu, gari litaniacha!" Akalidaka.

Na maneno hayo yamo kwenye rekodi. Shujaa alitaka kuyakata, lakini kukata alikuwa hajajua, akaogopa asije akafuta vyote. Akautuma wimbo hivyo hivyo. Jioni likaja jibu la neno moja: "Kalala."

Mwezi ukapita, akajifunza kukata, akatuma wimbo uliosafishwa. Mdogo wake akapiga simu.

"Kaka, rudisha ule wa kwanza. Huu ukiisha anabaki kakodoa macho, anasubiri pochi."

Basi na iandikwe, enyi mliosikia, kwamba kitufe kilitekwa saa saba kasorobo, mbele ya shahidi aliyeketi juu ya kapu. Na watoto wa ukoo huu, na watoto wao, watabembelezwa kwa wimbo unaoishia "nipe pochi yangu, gari litaniacha," wakiamini kwamba ndio ubeti wa mwisho. Nao sasa ndio ubeti wa mwisho.