Jemadari Asiye na Mchezaji

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Ofisi ya Vibali, wa kudumu na wa muda, kwamba tatizo la wahusika wanaowafunika wachezaji limekwisha. Mimi niliyekuwa katibu wa kamati iliyolishughulikia nimeombwa kueleza jinsi mafanikio haya yalivyopatikana. Nitaeleza ukweli mtupu, kwa kuwa aliyeniomba hakusema nisifanye hivyo.

Mambo yalianza vizuri. Agizo lilishuka kutoka juu kwamba kila ofisi iwe na burudani ya kujenga ushirikiano. Wenzetu wa jengo la jirani walichagua mpira. Sisi, kwa kuzingatia hali ya magoti yetu, tulichagua mchezo wa kusimulia. Unachezwa mezani, kwa maneno na dadu. Kila mchezaji anabuni mhusika wake, awe mganga, mwizi au shujaa, apendavyo. Mtu mmoja, msimulizi, anaeleza dunia wanayoipita, na anawasemea wengine wote wanaokutana nao njiani: wenye maduka, askari, wafalme, hata punda kama punda ana la kusema. Hao ndio wahusika wasio na wachezaji. Jambo likiwa gumu, mchezaji anarusha dadu. Dadu ikikubali amefaulu, ikikataa imekula kwake.

Nafasi ya msimulizi ilitangazwa kwa uwazi na kugombewa na Mkurugenzi. Alishinda.

Wachezaji walikuwa watatu. Wa kwanza Mama wa Mapokezi, ambaye kwa kusikia viatu tu kwenye ngazi anajua kama mtu amekuja kuomba au kulalamika. Wa pili Mhasibu, kijana mwenye tai hata siku ambayo feni imekufa. Wa tatu Dereva.

Kuhusu Dereva, inafaa kufafanua. Tangu afiwe na mkewe, alikuwa amepunguza matumizi ya maneno hadi kubaki na "ndiyo", "hapana" na "mafuta yamekwisha". Ofisi ililiona hilo na kulipongeza kama nidhamu. Mama wa Mapokezi hakulipongeza. Alimfuata kwenye gari, akagonga kioo.

"Kaka, njoo ukae na sisi Ijumaa. Hata usiposema kitu, kaa tu."

Akaja. Alipoulizwa mhusika wake ni nani, aliitazama ile meza ya mikutano kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Mvushaji," akasema. "Anavusha watu mtoni, kwa mtumbwi. Anaimba."

"Anaimba?" aliuliza Mhasibu.

"Anaimba akivusha, ili watu wasiogope. Yeye anajua kuimba. Mimi sijui."

Mhasibu alisahau kufunga mdomo. Mama wa Mapokezi akawa bize ghafla na vifungo vya sweta lake.

Sasa, Jemadari. Aliingia kwenye hadithi siku mbwa mwitu walipowazingira wachezaji porini. Mhasibu alikuwa ameshika dadu, anaipuliza, ndipo Mkurugenzi aliposimama, akavuta suruali juu na kubadilisha sauti. Jemadari alikuwa mrefu. Farasi wake alikuwa mweupe. Aliwamaliza mbwa wote kabla dadu haijagusa meza, kisha akawafariji wachezaji kwa hotuba.

Kuanzia hapo hakuondoka. Mwizi wa Mhasibu akiikaribia kufuli, Jemadari ameshaifungua kwa kucha. Mganga wa Mama wa Mapokezi akiinama kwa mgonjwa, mgonjwa ameshapona kwa kumwona Jemadari. Wachezaji walibaki kutoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mimi niliandika kwenye taarifa kwamba ushirikiano unakua.

Kisha hadithi ikafika mtoni. Mto umefurika, kijiji kizima kiko ng'ambo, maji yanapanda. Dereva alivuta kiti chake mbele. Katika utumishi wangu sijawahi kumwona akivuta kiti mbele.

"Naingia kwenye mtumbwi," alisema. "Kuna watoto. Naanza kuimba."

Akachukua dadu.

"Lakini kabla hajaondoka," Mkurugenzi akasema, huku anasimama, "Jemadari anatokea majini. Ameubeba mtumbwi begani, na kijiji kizima kimo ndani. Na anaimba."

"Anaimba pia?" aliuliza Mama wa Mapokezi.

"Kumbe ana sauti nzuri sana," alisema Mkurugenzi kwa unyenyekevu. "Hata mimi nimeshangaa."

Dereva akairudisha dadu mezani taratibu, kama mtu aliyeokota kitu kumbe si chake. Jumatatu nilimuuliza kama gari liko tayari. Akasema ndiyo.

Siku hiyohiyo Mama wa Mapokezi alipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi. Nilikuwepo, nimeshika faili kwa ajili ya kuonekana nimeshika faili.

"Bosi, yule Jemadari wako anatufunika."

"Anawasaidia, mama."

"Akifanya yote yeye, sisi tunacheza nini?"

"Mnashuhudia. Na kushuhudia ni aina ya juu ya kushiriki."

"Bosi, yule kaka alikuwa ameanza kuongea."

Mkurugenzi si mtu mbaya. Aliguswa, na akiguswa huunda kamati. Aliunda Kamati ya Kuchunguza Wahusika Wasio na Wachezaji Wanaowafunika Wachezaji. Mwenyekiti alikuwa yeye. Makamu alikuwa Jemadari, akiwakilishwa na yeye. Katibu mimi.

Tulifanya kazi kwa haki. Ilipofika ajenda ya mwenendo wa Jemadari, Jemadari aliombwa atoke nje ili ajadiliwe kwa uhuru. Mkurugenzi akatoka, akasimama kwenye korido. Nikabaki peke yangu na feni. Aliporudi aliuliza kama kuna lolote baya lililosemwa dhidi ya Jemadari, na kwa dhamiri safi nikajibu hakuna.

Kamati ilibaini kwamba wachezaji hufunikwa kwa sababu hawana mtu mwenye nguvu wa kuwalinda wasifunikwe. Ikapendekeza mtu huyo awe Jemadari. Alipandishwa cheo kuwa Jemadari Mkuu na Mlinzi wa Nafasi za Wengine.

Ijumaa iliyofuata, Mkurugenzi aliingia na suti. Alisoma cheo kipya, akasubiri makofi, akayapata kutoka kwangu.

"Mbele yenu kuna ngome ya jitu," alianza. "Geti lake ni la chuma. Mnafanya nini?"

"Mimi nabaki hapa kwenye kibanda cha njiani," alisema Mama wa Mapokezi. "Mganga wangu miguu inamuuma."

"Na mimi nabaki na mama," alisema Mhasibu.

Dereva akasema ndiyo.

Mkurugenzi alinitazama. Nikatazama dirisha.

"Mnabaki? Na jitu je?"

"Aende Jemadari," alisema Mama wa Mapokezi kwa heshima zote. "Si ndiye mwenye mamlaka, bosi? Sisi tutamchelewesha tu."

Hoja hiyo ilikuwa imetoka moja kwa moja kwenye mapendekezo ya kamati, kwa hiyo ikapita. Jemadari akaenda peke yake. Alifika getini, akajitambulisha. Mlinzi wa geti, ambaye naye alisemewa na Mkurugenzi, akamuuliza anamtaka nani. Jemadari akasema anamtaka jitu. Mlinzi akasema mhusika hayupo, ametoka kidogo. Jemadari akauliza atarudi lini. Mlinzi akasema hawezi kujua, ajaribu kesho, aje na picha.

Inabidi ieleweke kwamba Mkurugenzi ametumikia Ofisi ya Vibali ujana wake wote. Mlinzi yule alikuwa mahiri kupita kiasi. Jemadari alipandisha sauti, mlinzi akashusha yake. Jemadari akatoa upanga, mlinzi akamwambia silaha huachwa dirisha la pili, nalo limefungwa. Mkurugenzi alirusha dadu kwa niaba ya Jemadari, kisha kwa niaba ya mlinzi. Mlinzi alishinda. Akarusha tena. Jasho likaanza kumtoka.

Wakati huo, upande wa pili wa meza, Mama wa Mapokezi alimwinamia Dereva.

"Kaka, nyuma ya hiki kibanda kuna nini?"

Dereva alifikiri. "Kuna mto," alisema. "Mwingine. Mdogo kuliko ule."

"Kuna mtu?"

"Kuna mwanamke anataka kuvuka. Anaogopa maji, ila hataki watu wajue. Kwa hiyo anajifanya anatafuta kiatu."

Mama wa Mapokezi alikuwa amemfahamu mke wa Dereva. Alikohoa kidogo, akauliza kiatu ni cha rangi gani.

"Cha kijani. Kimoja anacho mkononi. Anakitafuta hichohicho."

Mhasibu akacheka, akalegeza tai. "Mwizi wangu anamsaidia kutafuta," alisema. "Haibi chochote."

"Rusha dadu," alisema Dereva. "Tuone kama haibi."

Wakavuka. Walivuka taratibu, kwa maneno, na kila mmoja aliulizwa anafanya nini na akangojwa ajibu. Katikati ya mto Dereva aliimba. Ni kweli hakujua kuimba, na tulikuwa tumeshaarifiwa. Mtunza stoo aliyekuwa akipita koridoni alisimama mlangoni, akaomba aingie kwenye mtumbwi, akaingizwa.

Getini, Jemadari alikuwa ameambiwa fomu zimekwisha.  Mkurugenzi alitazama ng'ambo ya meza, kisha akachukua kiti chake mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida nalifanya mimi, akakisogeza.

"Mnaendeleaje huku?"

"Tunavusha, bosi," alisema Dereva.

"Nimlete Jemadari awasaidie?"

"Jemadari si yuko getini, bosi? Akiondoka atapoteza nafasi yake kwenye foleni."

Mkurugenzi alipima jambo hilo na kuona ni la kweli.

"Basi naweza kuingia mimi?"

"Unaweza. Wewe ni nani?"

 Nilifungua mdomo nitaje vyeo vyake, kwa mpangilio, lakini Mama wa Mapokezi alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Abiria," Mkurugenzi alisema mwishowe.

"Karibu. Kaa nyuma, usisimame, tutapinduka."

Akakaa. Mhasibu akampa dadu ili ijulikane kama abiria ataweza mawimbi. Dadu ikakataa. Dereva akaeleza, bila kuongeza chumvi, jinsi abiria alivyotapika juu ya joho lake na jinsi yule mwanamke alivyomwazima kitambaa. Mkurugenzi aliomba radhi kwa mwanamke. Kisha zamu ikaenda kwa Mtunza stoo, ambaye alikuwa na maswali mengi kuhusu samaki, na Dereva akawa anayajibu yote.

Mkurugenzi alisubiri. Akapangusa miwani, akasubiri tena. Mwisho akaniinamia sikioni.

"Katibu, zamu yangu inafika lini?"

Nilitaka kumsaidia. Lakini mimi ni mtumishi wa Ofisi ya Vibali, na swali hilo ofisini kwetu lina jibu lake, jibu ambalo yeye mwenyewe alitufundisha.

"Kaa hapohapo, mzee," nikamwambia. "Utaitwa."